Mmeisifu baruti, mkalisahau ganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoitoa kuhusu watu wanaojijazia risasi za baruti nyeusi na kuzijaribu katika bastola ndogo za karne ya 19. Siandiki kuwakaripia watu hao. Kadhaa kati yao ni wateja wangu, wengine wamekuwa marafiki, na nimekwisha kusimama nao nyuma ya mifuko ya mchanga, masikio yamezibwa, tukingoja moshi mweupe utawanyike tuone kama ubao umetobolewa au la. Shida yangu ni sentensi moja. Mwandishi wenu alimtuliza msomaji kwamba maadamu baruti ni nyeusi, bastola ya kale haina neno. Hapo ndipo ninapokataa, na nitakataa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa kazi yangu ni kuzifungua bastola hizi, kuzisafisha na kuziandikia hati, na zinazofika mezani kwangu si zote zinazofika zikiwa nzima.

Nianze kwa kumpa haki yake. Kanuni ya baruti nyeusi ni ya kweli. Mchanganyiko ule wa shura, makaa na kiberiti huwaka kwa mwendo usiobadilika sana hata mkandamizo ndani ya chemba, tundu linalokaa risasi, ukipanda. Baruti isiyo na moshi, ile aliyoitengeneza Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina tabia nyingine kabisa: mkandamizo ukipanda, nayo huzidi kuwaka kwa kasi, kasi ikizidi, mkandamizo hupanda tena. Silaha zilizoundwa baada yake zilipewa chuma cha kuhimili hali hiyo. Bastola ya mwaka 1860 haikupewa, na hakuna fundi awezaye kuiongezea leo. Kwa hiyo mwandishi alifanya vyema kusema baruti isiyo na moshi isiguse kabisa vyombo hivi.

Lakini katika bastola hizi baruti ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ganda, kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti na kichwa cha risasi, na makala nzima haikulitaja isipokuwa kusema kwamba linang'aa.

Tazama risasi hizi zilivyozaliwa. Mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert wa Ufaransa alichukua fataki, ile kofia ndogo ya shaba iliyokuwa ikiwasha magobore, akaipa mkunjo kwenye kitako na kuipachika tembe ya risasi mdomoni. Baruti hakuweka. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kuirusha tembe kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine, maana silaha zake zilikuwa za kulengea shabaha ndani ya nyumba. Miaka michache baadaye Horace Smith na Daniel Wesson wa Marekani walilirefusha ganda hilo, wakatia ndani yake baruti nyeusi kama robo ya gramu, juu yake kichwa cha risasi cha karibu gramu 1.9, na mwaka 1857 wakaitoa pamoja na bastola yao ya kwanza ya silinda yenye matundu saba.

Sasa, dawa ya kulipukia katika risasi ya namna hii haikai katikati ya kitako kama ilivyo katika risasi nyingi za leo. Imesambazwa ndani ya ukingo, ule mkunjo mwembamba unaozunguka kitako chote. Nyundo ikigonga ukingo, dawa hubanwa kati ya kuta mbili na kulipuka. Ili nyundo yenye springi ndogo ya bastola ya mfukoni iweze kuzibana kuta hizo, lazima ziwe nyembamba na laini. Na kuta hizo hizo ndizo zinazotakiwa kuizuia gesi isirudi usoni kwa mpigaji. Ukizifanya nene, risasi haiwaki; ukiziacha nyembamba, hazina stahamala. Hakuna baruti, nyeusi wala nyeupe, inayoliondoa jambo hilo.

Smith na Wesson waliliona tangu mwanzo. Maganda yao ya awali ya shaba nyekundu yalikuwa yakivimba kitako baada ya mlio, yakasakama kwenye ukuta wa nyuma, silinda ikagoma kuzunguka. Ndiyo sababu toleo la kwanza la bastola yao lina kisahani nyuma ya silinda kinachozunguka pamoja nayo, ili kitako kilichovimba kisikwaruze chuma kilichosimama. Kila nikikishika kisahani kile hucheka kidogo. Ni ungamo la kiwandani lililochongwa kwa chuma: wenye bastola yao wenyewe, wenye risasi yao wenyewe, wenye baruti nyeusi ya zama zao, walijua ganda litavimba. Na sisi leo, kwa bastola iyo hiyo iliyokwisha kula zaidi ya karne na nusu, tuambiwe haina neno?

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi alilipita kwa kuandika "bastola ndogo za kale" kana kwamba ni ukoo mmoja. Si ukoo mmoja. Kisa chake ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake juu ya uvumbuzi wake. Rollin White alipata hataza ya Marekani mwezi Aprili 1855 juu ya silinda iliyotobolewa kutoka mbele hadi nyuma, yaani ile inayokuwezesha kuingiza ganda kwa nyuma. Smith na Wesson wakaikodi kwake kwa senti 25 kwa kila bastola, na katika mkataba wakamwachia White mzigo wa kuwashtaki wezi wa hataza kwa gharama zake. (Kesi zilimmaliza. Bunge la Marekani lilitaka kumwongezea muda, Rais Ulysses Grant akaukataa muswada huo mwaka 1870.) Hadi hataza ilipokwisha mwaka 1869, kila mtengenezaji mwingine aliyetaka kuuza bastola ya risasi za ganda ilimbidi apite vichochoroni. Christian Sharps aliunda bastola ya mitutu minne inayoteleza mbele kwa pamoja, na juu ya nyundo yake akaweka pini inayozunguka kuufuata mtutu wa zamu. Remington walitoa bastola ya mitutu miwili iliyobebana, ya kaliba .41 (kaliba ni upana wa tundu la mtutu, hapa kwa sehemu za inchi), iliyoanza mwaka 1866 na kutengenezwa hadi 1935. Na Flobert, kabla ya hao wote, katika silaha zake za mwanzo aliiacha nyundo yenyewe iwe mlango wa nyuma wa chemba: hakuna komeo wala kabari, ni uzito wa nyundo na springi yake tu vinavyolizuia ganda.

Kila moja ya hizo ina mahali pake pa kufia. Ile ya Remington hufia kwenye bawaba. Masikio ya bawaba pale juu ni membamba mno, na ukiichukua yoyote uiangalie kwa kioo cha kukuzia una nafasi nzuri ya kukuta ufa, au sikio moja limekwisha kukatika na mtu kulichomelea. Flobert ya awali hufia kwenye springi: ikilegea, mlango nao umelegea. Bastola ya Smith na Wesson ya matoleo mawili ya kwanza ina fremu ya shaba njano, na fremu hiyo hujinyoosha polepole bila kupiga kelele, mpaka pengo kati ya silinda na ukuta wa nyuma linatosha kuuacha ukingo wa ganda hauna cha kuegemea. Fremu ya chuma ilikuja na toleo la tatu, mwaka 1868. Halafu hataza ilipokwisha, soko lilifurika bastola za bei ya chini zenye kifyatulio kisicho na kikingio, za chuma laini cha kuyeyushwa, zenye majina makubwa yamechorwa juu ya mtutu. Hizo za mwisho mimi huzisafisha, nazipaka mafuta, nazirudisha kwa mwenyewe. Swali la kuzifyatua hata sijadili.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini kuandika. Risasi ile ndogo ya mwaka 1857 haijafa. Inaitwa .22 Short, na mpaka leo inatoka viwandani, kwa kipimo kile kile cha ganda na ukingo. Kinachotiwa ndani siku hizi ni baruti isiyo na moshi, na kiwango cha juu cha mkandamizo kinachokubalika kwa viwanda vya Marekani ni paundi 21,000 kwa inchi ya mraba. Ndugu yake mrefu, .22 Long Rifle, aliyezaliwa mwaka 1887, hufika 24,000, lakini huyo angalau ni mrefu kiasi kwamba katika silinda ya bastola ya kwanza ya Smith na Wesson hatoshi. Pua yake inachungulia nje na silinda haizunguki. Mfupi ndiye mwenye balaa. Mfupi anaingia bila kusukumwa.

Kijana mmoja mkusanyaji aliniletea bastola yenye fremu ya shaba njano akiwa na risasi hizo za leo mfukoni.

"Mama, mbona zimeingia zenyewe?" akaniambia, kama anayenionyesha ushahidi mahakamani.

"Mwanangu," nikamjibu, "ufunguo wa jirani nao ukiingia mlangoni kwako ndiyo nyumba yake?"

Akacheka, akazirudisha mfukoni. Mwandishi wenu hakumtaja kijana kama huyu, na ndiye msomaji wenu. Atasoma kwamba bastola hizi ni dhaifu na hazina hatari, atasahau maneno "baruti nyeusi", ataona risasi inaingia, na atavuta kifyatulio.

Turudi kwa wajazaji wenyewe. Risasi ya ukingo kwa asili haijaziwi mara ya pili, kwa sababu ukingo ukishapondwa na nyundo dawa imekwisha na mkunjo umeharibika. Kwa hiyo wajazaji wana njia zao. Kwa kaliba .22 huchukua risasi mpya, huing'oa kichwa, humwaga baruti ya kiwandani na kuweka nyeusi mahali pake. Kwa kaliba zilizokwisha kuachwa, kama .32 na .41, hukereza ganda zima kutoka kwenye fimbo ya shaba njano, na kwenye kitako hutoboa tundu pembeni, mahali nyundo itakapogonga, la kutosha kupachika ganda dogo la mlio, lisilo na kichwa cha risasi, la kaliba .22 liwe fataki.

Njia hii ya pili ni ya werevu, sikatai. Ganda lililokerezwa ni nene na halivimbi kama la shaba nyekundu. Lakini linaleta mambo matatu ambayo makala haikuyagusa. La kwanza ni dogo: tundu likiwa upande mmoja, lazima ganda likae chembani tundu likiielekea nyundo. Likizunguka kidogo, nyundo inagonga shaba tupu. Hakuna mlio, na sasa una mtu anayeduwaa akiwa ameshika bastola yenye risasi, akiigeuzageuza aone kulikoni. La pili ni nafasi. Baruti nyeusi haitaki hewa kati yake na kichwa cha risasi. Ganda nene lina tumbo dogo kuliko la asili, na ganda lililokerezwa vibaya lina tumbo kubwa. Mjazaji asiyelijua hilo akinakili kipimo cha zamani kutoka kitabuni anaweza kuacha pengo, na pengo hilo huuvimbisha mtutu pete. Nimeiona pete hiyo kwa kidole kabla ya kuiona kwa macho.

La tatu ndilo kubwa, na sijui kwa nini watu wengi hulinyamazia. Lile ganda la mlio linalowekwa kama fataki halina fataki peke yake. Aina nyingi zina baruti yake ndani, na mara nyingi ni baruti isiyo na moshi. Zile za kupigia misumari kwenye zege ndizo kabisa, zimeundwa kusukuma chuma kwenye jiwe. Kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba amejaza baruti nyeusi tupu, naye ni mkweli kwa kile alichokipima kwa mizani yake, huku kwenye kitako ameweka chembe za ile ile aliyosema haitaigusa bastola yake. Katika risasi yenye baruti chini ya gramu moja, chembe hizo si kidogo.

Kuhusu ukaguzi nitasema machache, kwa kuwa kila fundi ana mpangilio wake. Mimi huanza na taa ndani ya mtutu, halafu pengo la nyuma kwa geji, halafu kama silinda inafunga mahali pake au inayumba, halafu bawaba, halafu springi. Alama ya nyundo kwenye mdomo wa chemba hunieleza kama mtu alikuwa akiifyatua bila risasi ndani. Nyundo za bastola hizi hugonga chuma cha chemba zisipokuta ukingo, na huacha kishimo kinachozuia ganda kukaa vizuri.

Mihuri huiangalia mwisho, ingawa wateja huanza nayo. Mtu hunijia akisema bastola yake ina muhuri wa Liège, Ubelgiji, herufi ELG ndani ya yai, kwa hiyo imethibitishwa. Ni kweli Liège ilikuwa ikijaribu mitutu tangu karne ya 17, na nyumba ya majaribio ya mitutu ya Birmingham, Uingereza, ipo kwa sheria ya mwaka 1813. Muhuri unasema kwamba siku ile, kwa baruti ya siku ile, mtutu huu ulivumilia. Hausemi lolote juu ya kutu iliyoingia baadaye, wala juu ya mjukuu aliyeichomelea bawaba kwa shaba laini. Na bastola za Marekani, ambazo ndizo nyingi katika kundi hili, hazina muhuri wa serikali hata mmoja, kwa kuwa nchi ile haikuwahi kuwa na nyumba ya majaribio ya lazima. Ukikuta bastola ya Marekani isiyo na muhuri usishangae.

Sasa, je, nasema zisifyatuliwe kamwe? Hapana. Kuna maswali ambayo jibu lake liko kwenye mlio tu. Mojawapo ni mwendo wa risasi. Kaliba .41 Short ya ile bastola ya mitutu miwili hutajwa kuwa na mwendo wa karibu mita 130 kwa sekunde, kwa kichwa cha gramu 8.4. Ni mwendo mdogo sana. Mtu aliyezoea bunduki za leo akisikia hucheka. Tangu Benjamin Robins wa Uingereza alipotoa kitabu chake mwaka 1742 akieleza namna ya kupima mwendo wa risasi kwa kuipiga kwenye ubao unaoning'inia na kupima ubao ulivyorudi nyuma, watu wamekuwa wakitaka namba badala ya maneno ya vijiweni, na mimi niko upande wa namba. Bastola iliyokaguliwa, iliyofungwa kwenye jiliwa lenye ngozi, ikavutwa kwa kamba kutoka nyuma ya ukuta, kipima mwendo mbele yake, risasi imejazwa na mtu anayejua kilichomo ndani ya fataki yake: hapo sina ugomvi. Picha mliyoichapa haikuwa hivyo. Ilikuwa ni mkono.

Na mwendo mdogo usimdanganye mtu. Risasi iliyompiga Rais Abraham Lincoln tarehe 14 Aprili 1865, akakata roho asubuhi ya pili yake, ilitoka katika bastola ya mfukoni iliyotengenezwa na Henry Deringer, ya mtutu mmoja, ya fataki ya nje na si ya ukingo, lakini ya umbo na nguvu za kundi hili hili. Bastola hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya Ford's Theatre, Washington. Ulipozuka uvumi kwamba iliibwa na kuwekwa nyingine, wataalamu wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, waliichunguza mwaka 1997 wakailinganisha na picha zake za miaka ya 1930: mistari ya mbao ya kitako, vishimo vya kutu, ufa. Picha zikajibu. Nataja kisa hiki kwa ajili ya wale wanaonijia wakitaka kuifyatua bastola ili "kuhakikisha kama ni ya kweli". Mlio hauthibitishi ukweli wa bastola. Bandia nayo hulia.

Sheria nayo haikutajwa. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale. Uingereza hali ni nyingine: silaha ya kale husamehewa kibali ikiwa mtu anaimiliki kama kitu cha kumbukumbu au pambo. Ukianza kuijazia risasi na kuifyatua, si pambo tena, na msamaha umeuvunja mwenyewe. Mwaka 2021 nchi hiyo hiyo iliondoa aina saba za risasi kutoka kwenye orodha ya zilizokwisha wakati, kwa kuwa bastola zake za kale zilikuwa zikikutwa mikononi mwa wahalifu. Msomaji wa nchi yoyote aulize kwanza sheria ya kwake kabla ya kununua hata kikopo cha baruti.

Nimalizie na usafi, maana ndio unaonipa kazi nyingi kuliko mipasuko. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi. Hubaki masizi na chumvi, na chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani. Mtutu uliolia jioni na kuachwa hivyo, asubuhi una vumbi la kahawia. Mafuta ya petroli hayaziondoi chumvi hizo. Maji ya moto ndiyo yanayoziyeyusha, halafu kukausha kabisa, halafu mafuta. Watu huogopa maji kwenye chuma cha kale, wakapaka mafuta juu ya chumvi, wakaifungia kutu ndani kwa usalama mkubwa. Na risasi za zamani zilizobaki kwenye maboksi zisifyatuliwe hata kwa bastola nzima. Fataki za zama zile zilikuwa na zebaki, na zebaki huila shaba njano ikawa kavu kama biskuti. Boksi kamili la zamani lina thamani likiwa limefungwa.

Kwa hayo naomba mambo mawili, Ndugu Mhariri. Mchapishe kwamba risasi za .22 Short zinazouzwa leo hazifai kwa bastola za mwaka 1857 na wenzake, hata zikiingia. Na mwandishi wenu awarudie wale watu aliowatembelea awaulize swali moja ambalo makala haikulijibu: kile walichokipachika kwenye tundu la kitako kama fataki kilikuwa na nini ndani? Jibu likipatikana, hata likiwa la mstari mmoja, lichapeni.

Wako,
Fundi wa silaha za kale